Kazi ya Mtandaoni Ukiwa Nyumbani: Jinsi ya Kutambua ya Kweli na ya Uongo

Wazazi wengi hutuuliza kama inawezekana kufanya kazi kwa simu au kompyuta bila kutoka nyumbani. Sababu zao zinaeleweka. Kuna mtoto mchanga wa kulea, basi halipiti alfajiri wakati zamu ya kiwandani inapoanza, au leseni ya kuendesha gari bado haijapatikana.

Kazi hizo zipo hapa Marekani, na ukiwa mkimbizi uliyepokelewa rasmi una haki ya kufanya kazi tangu siku uliyoingia nchini. Lakini matangazo ya uongo ni mengi. Mara nyingi tunaletewa na mtu tunayemwamini, kama dada wa kanisani au jirani kwenye kundi la WhatsApp, ambaye naye ametumiwa tu akatuma kwa wengine. Wema wake hauthibitishi kwamba kazi ni ya kweli.

Shika kanuni moja: katika kazi ya kweli, pesa hutoka kwa mwajiri kuja kwako. Ukiona unatakiwa wewe ndiye utume pesa, simama hapo hapo.

Kazi zilizopo

Lugha zako ni mali. Hospitali nyingi huita mkalimani kwa simu au video, na kampuni kama LanguageLine Solutions huajiri wakalimani wanaofanya kazi nyumbani. Anayejua Kiswahili pamoja na Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala, na Kiingereza kizuri, ana jambo la kutoa.

Si kazi nyepesi. Utapimwa lugha zote mbili, utahitaji intaneti isiyokatika na chumba chenye utulivu. Huwezi kutafsiri maneno ya daktari huku mtoto akilia pembeni, kwa hiyo bado utahitaji mtu wa kukushikia mtoto saa za kazi. Ukitaka cheti cha kitaifa cha ukalimani wa hospitali, lazima uwe na mafunzo ya saa 40 au zaidi. Kulipia masomo shuleni ni jambo la kawaida, ila usimlipe mtu anayedai kuwa ndiye mwajiri wako.

Kazi nyingine ni kupokea simu za wateja wa benki, bima au maduka. Kwa kazi hizi Kiingereza cha kuzungumza ndicho kinachoangaliwa zaidi.

Jihadhari na tangazo la kuchapa maandishi kwa dola 45 kwa saa, bila uzoefu wala mahojiano. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yana kiwango cha juu zaidi. Jiulize kwa nini mtu akulipe mara nyingi ya hapo kwa kazi ambayo kila mtu anaiweza.

Mwajiri wa kweli hufanya nini

Atazungumza nawe kwa sauti au video, si kwa ujumbe wa WhatsApp au Telegram peke yake. Barua pepe yake itakuwa na jina la kampuni. Ukishakubali kazi, utajaza fomu I-9 kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, na fomu W-4 ya kodi. Hapo ndipo namba yako ya Social Security na akaunti ya benki zinapohitajika, si siku ya kwanza ya kuandikiana.

Kwa kuwa matapeli hujiita kwa majina ya kampuni halali, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Fungua mwenyewe tovuti ya kampuni, uangalie kama kazi hiyo imetangazwa huko, na uombe kupitia huko.

Uliza pia kama utakuwa mwajiriwa au mtu wa kujitegemea. Mwajiriwa hukatwa kodi kwenye mshahara. Anayejitegemea hakatwi, na faida yake ikifika dola 400 kwa mwaka lazima apeleke hesabu IRS na alipe mwenyewe. Wakalimani wengi hulipwa kwa njia hii, kwa hiyo weka akiba ya kodi kila unapolipwa.

Mitego mitatu inayotukuta sana

*Hundi ya vifaa.* Unatumiwa hundi ya dola 2,000, unaambiwa uiweke benki, ununue kompyuta kwa "muuzaji wetu" au kadi za zawadi, kisha urudishe chenji. Sheria huilazimisha benki kukuruhusu kutumia pesa ya hundi baada ya siku chache, lakini kugundua kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Wakati huo pesa uliyotuma imekwisha kwenda, na benki itakudai wewe. Kuona pesa kwenye akaunti hakumaanishi kuwa hundi ni nzuri.

*Kupenda video au kutoa nyota kwa bidhaa.* Siku za mwanzo unalipwa dola chache ili uamini. Baadaye unaambiwa uweke pesa yako, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali, ili "kufungua" malipo makubwa. Ukishaweka, huipati tena.

*Kupokea vifurushi au pesa na kuzituma kwingine.* Huu ndio mtego wa hatari kuliko yote. Vifurushi huwa vimenunuliwa kwa kadi za wizi, na pesa huwa imeibwa kwa watu wengine. Jina na anwani vitakavyoonekana ni vyako. Kosa la jinai linaweza kuharibu ombi lako la green card na la uraia.

Kama umekwisha kunaswa

Usione aibu, na usinyamaze. Hata wenyeji wenye elimu kubwa hunaswa.

1. Piga simu benki yako siku hiyo hiyo. Kama ulinunua kadi za zawadi, ipigie pia kampuni iliyotoa kadi, na utunze kadi na risiti.
2. Kama ulitoa namba ya Social Security, fungua tovuti ya serikali IdentityTheft.gov na ufuate hatua zake. Pia ziombe Equifax, Experian na TransUnion zifunge taarifa zako za mikopo. Ni bure.
3. Toa taarifa kwa FTC, idara ya serikali inayowalinda wateja, kwa simu 1-877-382-4357. Unaweza kuomba mkalimani.
4. Usifute ujumbe wowote. Ni ushahidi.

Pa kuanzia

Vituo vya American Job Center husaidia kutafuta kazi na kuandika wasifu bila malipo. Piga 1-877-872-5627 kujua kilicho karibu nawe.

Na ukipata tangazo usilolielewa, mwoneshe msimamizi wa kesi yako kabla hujajibu. Ukiambiwa lazima uamue leo hii, hiyo peke yake ni sababu ya kungoja mpaka kesho.