Kompyuta Inapouiga Mkono Wako

Mwaka huu nimeonelea nisiandike kisa wala chemshabongo. Nataka kueleza jinsi unavyoweza kuifanyia kompyuta kazi mara moja tu ikitazama, kisha ikairudia yenyewe hata mara mia. Sisi wanafunzi wa kutwa twajua thamani ya dakika. Kipindi ni dakika 40, na kengele ya jioni ikilia ni mbio za kurudi nyumbani. Kazi ya kurudiarudia hutumalizia wakati bure.

Jambo lenyewe ni hili. Kila unapobofya kipanya au kubonyeza kibodi, kompyuta hupata habari: ni kitufe gani, ni mahali gani, na ni wakati gani. Programu ya kunasa vitendo huziandika habari hizo kwa mpangilio, kama vile katibu aandikavyo kumbukumbu za mkutano. Ukimaliza, unakizima kinasa. Siku ukitaka kazi ile irudiwe, unabonyeza vitufe viwili vitatu tu, nayo huvitenda vitendo vyako kimoja baada ya kingine. Orodha hiyo ya vitendo huitwa makro.

Usidhani haya ni mambo ya jana. Windows 3.1 ya mwaka wa 1992 ilikuwa na programu iitwayo Recorder, iliyonasa kibodi na kipanya. Windows 95 ilipotoka, Recorder haikuwamo tena. Wengine wakaziba pengo: AutoHotkey ilianza mwaka wa 2003, na mwaka wa 2021 kampuni ya Microsoft ikawapa watumiaji wa Windows 10 programu ya Power Automate Desktop bila malipo. Excel nayo ina kinasa chake ndani.

Vinasa hivi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza hushika mahali kipanya kilipobofya kwenye skrini. Ukibofya penye kitufe cha kuchapisha, yenyewe haijui kwamba hicho ni kitufe. Inajua tu umbali kutoka ukingo wa kushoto na ukingo wa juu. Dirisha likisogezwa kidogo, itabofya pale pale pa zamani, hata kama sasa pana kitufe cha kufuta! Vilevile, dirisha likichelewa kufunguka, kinasa cha namna hii huweza kuendelea kuandika herufi ambazo hazina pa kuingia. Aina ya pili hushika amri yenyewe, kwa mfano "panga orodha hii". Kinasa cha Excel ni cha aina hii ya pili, na hutegemewa zaidi. Lakini nacho kina mtego wake.

Chukua mfano wa shule yenye orodha 12 za matokeo. Kila orodha yataka kupanua safu, kukoleza wino wa vichwa, kupanga wanafunzi kwa jumla ya alama, kisha kuchapisha. Tuseme hayo ni mabonyezo 15. Kwa orodha 12, hayo ni 180. Kwa makro, utabonyeza 15 katika orodha ya kwanza, halafu mara moja kwa kila moja ya zile 11 zilizobaki. Jumla ni 26, ukiacha kufungua faili. Si mchezo!

Ili kunasa, fungua menyu ya View, uchague Macros, kisha Record Macro. Ipe makro jina na herufi ya kuiitia, na uagize ihifadhiwe katika Personal Macro Workbook ili ipatikane hata ukifungua faili nyingine. Tenda kazi yako polepole, kisha uchague Stop Recording. Kila orodha iwe katika faili yake, na ukurasa wa ndani uitwe jina lile lile, mathalani Sheet1, maana ukipanga orodha, kinasa hushika hata jina hilo.

Sasa mtego. Tuseme umenasa kwa darasa la wanafunzi 48. Pamoja na mstari wa vichwa, orodha inaishia mstari wa 49. Excel hushika kwamba "panga mpaka mstari wa 49". Ukiipeleka makro hiyo kwa darasa la wanafunzi 53, itapanga 48 wa kwanza na kuwaacha watano wa mwisho papo hapo chini. Haitalia wala kukuonya. Iwapo orodha ilifuata alfabeti, wanaoachwa ni wale ambao majina yao huanza kwa W, Y na Z. Mtu akijaza nafasi kutoka juu kwenda chini bila kutazama, aliyeongoza darasa anaweza kupewa nafasi ya 50. Ripoti hiyo ndiyo mzazi anayoisoma, na ndiyo ambayo aghalabu huambatishwa kwenye fomu ya basari. Karo ya mtu inaweza kupotea hivyo.

Kompyuta hapo haijakosea. Ni kama kasuku: hurudia ulichotenda, si ulichokusudia. Kwa hivyo zingatia haya:

Kwanza, unaponasa, chagua eneo kubwa kuliko darasa lolote, tuseme mpaka mstari wa 101. Excel huiweka mistari mitupu chini, kwa hivyo haitadhuru.

Pili, weka nakala ya faili kabla ya kuiendesha makro. Makro ya Excel ikishatenda, kile kitufe cha kurudisha nyuma hakikusaidii.

Tatu, hesabu wanafunzi na uitazame mistari ya mwisho kabla ya kuchapisha. Haraka haraka haina baraka.

Nne, usinase neno la siri. Kinasa cha kibodi huliandika kama ulivyolibonyeza, na atakayeifungua makro huenda akalisoma.

Tano, usikubali makro kutoka kwa usiyemjua. Virusi viitwavyo Melissa vilienea mwaka wa 1999 kwa makro zilizofichwa ndani ya faili za Word zilizotumwa kwa baruapepe.

Wako wanaosema ati mashine hizi zitamwondolea karani kazi. Mimi naona zinamwondolea kubofya tu. Kujua kwamba darasa hili lina watu 53 wala si 48, hiyo bado ni kazi ya mtu, na ndiyo iliyo kubwa. Basi wenzangu, kipindi kijacho maabarani jaribuni kunasa kazi moja ndogo. Halafu hesabuni mistari.