Uyoga Unaoacha Alama za Bakora

Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtu anaamka asubuhi na kukuta mgongo wake umejaa mistari myekundu inayowasha, mirefu, iliyopishana huku na huku mithili ya alama za bakora. Hakupigwa na mtu. Hata hivyo jirani atakayeiona hatakosa la kusema, na iwapo aliyepatwa ni mke au mtoto, maneno hayo yaweza kuivunja nyumba.

Chanzo chaweza kuwa chakula. Mwaka 1977 daktari wa Kijapani aitwaye Nakamura aliyaeleza maradhi haya kwa watu waliokula shiitake, uyoga wenye kofia ya rangi ya kahawia unaopendwa mno Japani na China, na ambao siku hizi huuzwa katika nchi nyingi, mbichi au uliokaushwa. Ndani yake mna kitu kiitwacho lentinani, ambacho hudhaniwa ndicho kinachoichokoza ngozi. Moto mkali hukidhoofisha. Wengi wa waliougua walikula uyoga mbichi au usioiva sawasawa. Wala si kila alaye hupatwa: wawili waweza kula sahani moja, akaugua mmoja tu.

Kinachowapoteza watu ni muda. Mistari haitokei mezani. Aghalabu huja baada ya siku moja au mbili, mlo wenyewe umekwisha kusahauliwa. (Nani kati yetu akumbukaye alichokula juzi mchana?) Basi kabla ya kulaumiana, ulizaneni mlikula nini. Maradhi haya hayaambukizi, na kwa kawaida hutoweka yenyewe katika muda wa siku chache hadi wiki tatu hivi. Daktari aweza kutoa dawa ya kupunguza mwasho. Lakini mdomo ukivimba au pumzi zikibana, hilo ni jambo jingine: kimbilieni hospitali mara moja.

Kwa mpishi, ni vema ajue kwamba kuuloweka uyoga mkavu si kuupika. Auache motoni hadi uive hasa. Wala asidhani kuwa moto ni dawa ya kila uyoga. Iko aina ya porini ambayo hata ikichemshwa kutwa nzima sumu yake hubaki. Aliyeila hutapika na kuharisha, akaonekana kupata nafuu kwa siku moja hivi, kumbe ini lake linaharibika.