Kwa gari hadi Nashville: tulimfuata Jim Reeves, tukamkuta na DeFord Bailey

Sisi wabeba maboksi wa huku ughaibuni tuna ugonjwa mmoja. Kazi hatukosi, ila starehe kila siku tunaiahirisha. Safari ya Nashville tuliipanga kwa miaka sita, na kila mwaka mmoja wetu alipigiwa simu ya ova-taimu, basi inakufa. Mwaka 2024 mambo yalibadilika ghafla, maana mwenzetu wa Kericho alitutangazia kwamba amekata tiketi ya kwenda tu, bila ya kurudi. Miaka 22 Marekani inamtosha, anarudi nyumbani kabisa mwezi Juni. Kabla hajaondoka alikuwa na ombi moja: apelekwe alipokuwa akirekodi Jim Reeves.

Wapo watakaocheka, na wengine walicheka kweli tulipowaambia. Watu weusi mnatafuta nini kwenye muziki wa makauboi? Lakini aliyekulia Kenya na redio ya betri nyumbani hana haja ya kuelezwa. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wameimba katika mabaa ya bara na majumbani kwa miaka mingi, na Krismasi bila Jim Reeves kwa wengine haikuwa Krismasi. Baba yake mwenzetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye kaseti moja tu ya maana, na ndiyo hiyo. Mzee alifariki mwaka 2009. Mwanawe alikuwa katikati ya kushughulikia makaratasi yake, angetoka nchini asingeruhusiwa kuingia tena. Mazishi aliyasikiliza kwa simu, akiwa ameegesha gari nje ya kazini. Wengi mnaosoma hapa mnayajua mambo haya, hatuna haja ya kuyarefusha.

Basi Mei 2024 tukaondoka wanne alfajiri kutoka Silver Spring, nje kidogo ya Washington: wa Tanga ambaye gari ni lake, wa Dar, wa Mombasa na huyo wa Kericho. Kutoka hapa hadi Nashville ni maili kama 670, yaani zaidi ya kilomita 1,070. Tulibeba chapati, maharage ya nazi, mishkaki na chupa mbili za chai, kwa sababu hatukutaka kula baga njia nzima. Sheria ya gari ilikuwa moja, anayeshika usukani ndiye anayechagua muziki. Kwa sheria hiyo tulisikiliza Msondo saa nne mfululizo, wa Dar akilalamika kuwa ametekwa nyara na wazee.

Barabara ya I-66 inakufikisha I-81 katika bonde la Shenandoah, na hapo ndipo safari inapoanza hasa. Njia za kutokea zimepewa namba kwa maili, na pale unapoingia ni namba 300. Ukielekea kusini namba zinashuka moja moja: Harrisonburg, Staunton, Roanoke, hadi sifuri kwenye mpaka wa Tennessee. Ni jimbo moja tu hilo la Virginia, maili 300! Kushoto milima, kulia milima, katikati malori yanayofuatana kama treni.

Pale sifuri upo mji wa Bristol, nao una kituko chake. Mtaa wake mkuu, State Street, ndio mpaka wenyewe: upande mmoja Virginia, upande wa pili Tennessee, na katikati ya lami kuna vibao vidogo vya shaba vya kuonyesha mstari. Wa Mombasa alisimama mguu huku mguu kule akaomba apigwe picha. Katika mtaa huo, Julai na Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alifungua studio ya muda ndani ya jengo la biashara ya kofia, akaita wanamuziki wa milimani. Walikuja Carter Family, na tarehe 4 Agosti akaja kijana mgonjwa wa kifua kikuu aitwaye Jimmie Rodgers. Wanaoandika historia ya muziki wa kantri wengi huanzia hapo. Wachache huongeza kwamba A. P. Carter alipozunguka vijijini kukusanya nyimbo, aliyemshikia tuni kichwani alikuwa Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyepoteza mguu kazini.

Hapo tukamsimulia mwenzetu habari ambayo hakuijua. Mwaka 1950 mrekodi Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis akakuta wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu, nusu swala. Chemirocha ni Jimmie Rodgers! Santuri zake zilifika huko na gramafoni, watu wakastaajabu sauti ile inatoka wapi, jina likageuzwa likakaa vizuri mdomoni. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Mwenzetu alinyamaza, kisha akasema neno lile analijua toka utotoni, ila hakujua kuwa ni jina la mtu.

Baada ya Knoxville barabara ni I-40. Ukipanda uwanda wa Cumberland saa inarudi nyuma, ukapewa saa moja ya bure. Karibu na Nashville tuliona kibao cha Carthage, tukakipita bila kufikiri.

Kesho yake, ndani ya jumba la makumbusho ya kantri, ndipo tukaijua Carthage. Katika ukumbi wa mviringo zimepangwa sura za shaba za wakubwa wa muziki huo, na miongoni mwao yupo mtu mweusi, DeFord Bailey, aliyezaliwa karibu na huko mwaka 1899. Alikuwa mjukuu wa watumwa, mwili mdogo kwa sababu ya polio ya utotoni, na harmonika yake iliweza kuiga treni hadi ukahisi moshi. Desemba 1927 redio ya WSM ilipotamka kwa mara ya kwanza jina la Grand Ole Opry, kipindi kilikuwa kimefunguliwa na treni ya Bailey. Akawa kipenzi cha wasikilizaji. Walipokwenda ziara, wenzake weupe walilala hotelini, yeye akahangaika kutafuta pa kulala. Mwaka 1941, wakati wa ugomvi wa haki za nyimbo uliozuia redio kupiga nyimbo alizozoeleka nazo, aliachishwa. Aliishi kwa kung'arisha viatu hapo hapo Nashville. Alifariki 1982, na sura yake ikaingizwa ukumbini mwaka 2005.

Usiku ule hotelini mjadala ulikuwa mkali. Wa Mombasa alisema tumeendesha saa kumi na moja kuja kuwalipa tiketi waliomfukuza. Wa Tanga akajibu kwamba banjo yenyewe asili yake Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa, kwa hiyo sisi hatukuja kwa wenyewe, sisi ndio wenyewe. Maneno matamu, lakini kwa maoni yetu hayamrudishii Bailey mshahara wake. Wa Kericho alikuwa na swali lake tu: kama baba angejua habari hii, angeendelea kuipenda kaseti yake? Hatukumpa jibu.

Yapo mengine tuliyoyaona kwa haraka: Ryman, iliyofunguliwa 1892 kama nyumba ya mahubiri, na mabenchi yake ya mbao bado ni ya kanisani, na karibu yake makumbusho ya muziki wa Wamarekani weusi, iliyofunguliwa 2021. Chuo cha Fisk hatukukubali kukipita. Mwaka 1871 chuo kilikuwa hakina hela, wanafunzi tisa, wengi waliozaliwa utumwani, wakatoka kwenda kuimba. Waliimba hadi mbele ya Malkia Victoria mwaka 1873, na fedha zao zilijenga Jubilee Hall, ambayo ingali imesimama. Albamu ya Beyoncé, Cowboy Carter, ilikuwa imetoka Machi mwaka ule, na ubishi kama ile ni kantri au siyo ulikuwa mitaani. Februari 2025 ilipata Grammy ya albamu bora ya kantri na ile ya albamu ya mwaka.

Jioni tulishuka Broadway. Baa kwa baa, ghorofa kwa ghorofa, bendi zinapiga tangu mchana, na mara nyingi mlangoni hulipi kitu. Wanamuziki wanategemea sana ndoo ya tuzo inayopitishwa. Kumbe ni kutunza! Wa Tanga, mtu wa taarabu, hakungoja ndoo. Aliinuka na dola zake, akaenda kwa madaha hadi jukwaani, akamtunza mpiga fidla noti moja moja huku akiyumba. Makauboi walishangilia, na muda si mrefu wawili wao walikuwa wanamwiga.

Studio B ya RCA tuliiweka siku ya mwisho. Ni jengo dogo la mwaka 1957, huwezi kuamini kwamba Elvis alirekodi humo nyimbo zaidi ya 200. Jim Reeves aliimba humo akiwa karibu kabisa na kipaza sauti, kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu mmoja. Alikufa Julai 31, 1964, ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe ilipoanguka kusini ya Nashville. Mwongozaji alipopiga kipande cha sauti ile, wageni wengine walitoa simu kurekodi. Mwenzetu alivua kofia. Halafu akauliza kwa upole kama anaweza kukaa kitako dakika moja, akaambiwa akae. Sisi tulitoka nje tukamwacha.

Kurudi, saa tuliyopewa tulinyang'anywa pale pale Cumberland. Wa Kericho aliomba usukani kuanzia Bristol, akaendesha Virginia yote peke yake hadi namba 300. Muziki, kwa mujibu wa sheria, alichagua yeye, na wa Dar safari hii hakulalamika.