Jamii Gani? Elimujamii kwa Mhakiki wa Riwaya ya Kiswahili

Hakuna sentensi inayopendwa na sisi wanafunzi wa fasihi kama ile isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Imo katika insha za mwaka wa kwanza, imo katika tasnifu, na bila shaka imo katika madesa yanayotolewa fotokopi usiku wa kuamkia mtihani. Akishaiandika, mhakiki hushusha pumzi, kisha huanza kuorodhesha dhamira: matabaka, nafasi ya mwanamke, ulevi, mapenzi, basi. Jamii yenyewe haielezwi. Jamii gani? Ya mwaka gani? Na tumejuaje kwamba iko hivyo? Kama tumeijua kutokana na riwaya ile ile tunayoihakiki, basi tunakisifu kioo kwa kufanana na kioo.

Makala haya yanakusudia kumpa mwanafunzi wa fasihi, ambaye pengine hajawahi kukaa katika darasa la sosholojia, dhana chache za mwanzo za taaluma hiyo na jinsi wenyewe wanavyotafuta ushahidi. Mfano wangu mkubwa utakuwa Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Sababu ni kwamba riwaya hiyo inaishia kwenye kifo cha kujiua, na kitabu kimojawapo kilichoisimamisha sosholojia kama sayansi, Le Suicide cha Émile Durkheim kilichotoka mwaka 1897, kilishughulika na jambo hilo hilo.

Historia ya taaluma tuipitie haraka. Neno sosholojia lilianzishwa na Mfaransa Auguste Comte katika miaka ya 1830. Fikra ya kuitazama jamii kama kitu chenye kanuni zake ni ya zamani zaidi. Ibn Khaldun wa Tunis aliandika Muqaddima yake mwaka 1377, na humo akaeleza jinsi mshikamano wa kundi, aliouita asabiya, unavyoinua dola na jinsi raha za mjini zinavyoudhoofisha. Nashangaa kwamba hatumtaji zaidi, hasa sisi tulio karibu na pwani. Lakini tuendelee.

Dhana ya kwanza ya kushika ni kaida, yaani lile ambalo kundi linalitarajia kwa mtu hata kama halikuandikwa popote. Ukiivunja utachekwa, utasengenywa, utatengwa au utapigwa. Ya pili ni dhima. Mtu mmoja hubeba dhima nyingi: Zakaria katika Rosa Mistika ni baba, ni mume, ni mlevi wa kijijini. Anapomcharaza binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, hafanyi hivyo kama Zakaria tu. Anaigiza ubaba kama unavyofahamika mahali pale, na majirani wana kipimo cha kumpimia kama ameuzidisha au ameupunguza. Ya tatu ni taasisi: familia, shule, kanisa. Ujamiishaji, yaani jinsi mtoto anavyofundishwa kaida mpaka zikawa kama sauti yake mwenyewe ndani ya kichwa, hufanyika katika taasisi hizo. Zingatieni maneno hayo ya mwisho, kwani hapo ndipo ilipo kesi nzima ya Rosa. Kwake sauti haikupata kuingia ndani. Ilibaki nje, mkononi mwa baba, pamoja na fimbo.

Sasa twende kwa Durkheim. Alichagua kujiua makusudi, kwa sababu kila mtu alidhani hilo ni jambo la mtu binafsi kabisa: huzuni yake, wazimu wake, deni lake. Yeye akasema tusianze na mtu, tuanze na hesabu. Mpwa wake Marcel Mauss alichambua takribani mafaili 26,000 ya watu waliojiua, akiyagawa kwa umri, jinsia, ndoa na watoto. Ikaonekana kwamba kila nchi ya Ulaya ina kiwango chake kinachobadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, na wasio na ndoa zaidi kuliko wenye ndoa. Wakati wa vita viwango vilishuka. Uchumi ulipoanguka vilipanda, na la ajabu ni kwamba vilipanda pia pale utajiri ulipokuja kwa ghafla! Huzuni ya mtu mmoja mmoja haiwezi kueleza utaratibu kama huo. Lazima kuna nguvu iliyo nje ya watu, na nguvu hiyo ndiyo Durkheim aliyoiita jambo la kijamii.

Akagawa vifo hivyo katika aina. Kuna kujiua kwa mtu aliyelegea kutoka katika kundi lake, asiye na pa kujishikiza. Kuna kinyume chake, mtu aliyezama mno katika kundi hata akaona uhai wake si kitu mbele ya heshima ya wote, kama askari fulani au wajane wa baadhi ya nchi. Aina ya tatu inatokana na kile alichokiita anomia, hali ya kaida kulegea au kuvurugika kiasi kwamba mtu hajui tena atamani nini na akomee wapi. Ya nne aliitaja katika tanbihi tu, kana kwamba haikumvutia: kujiua kwa mtu aliyebanwa mno na amri, ambaye mbele yake njia zote zimefungwa.

Mimi naona ile tanbihi pamoja na anomia ndizo zinazomsoma Rosa vizuri kuliko hukumu tulizozizoea za "malezi mabaya". Nyumbani Ukerewe amebanwa: haruhusiwi kuzungumza na mvulana, barua ni kosa la jinai. Halafu anapelekwa shule, kisha chuo, ambako fimbo ya baba haifiki na hakuna kaida nyingine iliyopandwa mahali pake. Anatoka katika amri tupu na kuingia katika uhuru usio na mipaka, bila kipindi cha kati. Halafu jamii ile ile inamdai ubikira kama sharti la ndoa. Wahakiki waliomwona Rosa kama malaya aliyepata malipo yake, na wale waliomwona kama mwathirika wa baba katili, wote wanatafuta mkosaji. Durkheim anatuonyesha mpito kati ya tawala mbili za kaida, na riwaya imejengwa juu ya mpito huo hasa.

Tamu, sivyo? Lakini hapo hapo mhakiki asimame. Durkheim alieleza viwango, hakueleza mtu. Kusema kwamba kundi fulani lina kiwango kikubwa hakukupi ruhusa ya kusema kwamba fulani wa kundi hilo alijiua kwa sababu hiyo. Rosa ni mmoja, tena ni wa kubuniwa. Hatuwezi kuchukua nadharia ya maelfu na kuivisha kwa mhusika mmoja kama kanzu ya kuazima, kisha tuseme tumethibitisha. Kuna swali jingine la kuuliza riwayani humo humo: Rosa ana wadogo zake waliolelewa chini ya fimbo ile ile. Kama fimbo ndiyo sababu, mbona si wote walioishia alikoishia dada yao? Mwanasosholojia yeyote angeanza kwa ulinganishi huo, na mhakiki anao bure, umo kurasani.

Mhusika mmoja basi anawakilisha nini? Hapa Max Weber anatufaa. Weber, aliyeandika kuhusu maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari mwaka 1904 na 1905, alikataa wazo kwamba jamii ni nguvu inayosukuma watu kama mkondo unavyosukuma magogo. Watu hutenda kwa maana wanazozibeba, naye mtafiti hana budi azielewe maana hizo kutoka ndani. Kwa kazi hiyo alibuni chombo kinachoweza kuitwa kielelezo kamilifu: picha iliyotiwa chumvi kwa makusudi, ya mfanyabiashara au ya karani au ya nabii, ambayo hakuna mtu halisi anayefanana nayo asilimia mia, bali tunaitumia kupimia watu halisi wako mbali kiasi gani nayo. Zakaria ni kielelezo cha namna hiyo. Mwanafunzi anayelalamika kwamba "baba kama huyu hayupo" na yule anayedai "mababa wa Ukerewe wote walikuwa hivi" wamekosea kwa namna moja.

Weber alitenganisha pia mali na hadhi. Tunapenda kuandika "matabaka" na kuyaweka yote katika kapu moja, lakini tazama neno mwinyi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Shafi Adam Shafi. Ndani yake mna shamba, ndiyo, ila mna pia haki ya kuamkiwa kwanza na kuogopwa hata unapolala. Pwani yetu inajua fika kwamba muungwana aliyefilisika anaweza kumdharau tajiri asiye na nasaba, na tajiri huyo akaumia kweli. Mali na hadhi hupandana, lakini si kitu kimoja, na riwaya nyingi za Zanzibar hupata moto wake pale vinapoachana.

Kwa Karl Marx nitakuwa mfupi. Huyu amesomwa sana kwetu, pengine kuliko alivyoeleweka. La msingi: tabaka ni uhusiano katika uzalishaji, nani ana njia za uzalishaji na nani anauza nguvu zake. Kuwa maskini peke yake si tabaka. Marx aliona pia kwamba watu wanaweza kuwa na hali moja bila kujitambua kama kundi moja, mpaka mapambano yawafundishe. Kuli (1979), ya Shafi huyo huyo, imefuata hatua hizo: Rashidi anaanza akiwa kijana anayetafuta kibarua bandarini alikofia baba yake, na kupitia mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948 anajifunza kusema "sisi".

Wafuasi wa Marx wanaohakiki fasihi wakumbuke barua aliyoandika Friedrich Engels mwaka 1888 kwa mwandishi Margaret Harkness kuhusu riwaya yake ya maisha ya wafanyakazi wa London. Alimsifu kwa ukweli wa mambo madogo madogo, kisha akamlaumu kwamba wafanyakazi wake wamekaa tu wakisubiri kuokolewa, ilhali wakati huo wafanyakazi walikwisha kupigana kwa miongo kadhaa. Katika barua hiyo hiyo alikiri kwamba alijifunza zaidi kutoka kwa Balzac kuliko kwa wanahistoria, wachumi na wanatakwimu wa kipindi kile wote pamoja. Huyo Balzac alikuwa mpenda wafalme! Kwa hiyo msimamo wa mwandishi na kile riwaya yake inachokionyesha vinaweza kwenda njia mbili, na orodha zetu za "msimamo wa mwandishi" zinalisahau hilo.

Tunafika kwenye mbinu za utafiti. Zipo zile za kuhesabu: takwimu za serikali, sensa, hojaji. Zipo za kuelewa: mahojiano marefu, kuishi na watu unaowachunguza, kusoma nyaraka. Kila moja ina ugonjwa wake. Ukisimama mlangoni pa maktaba na kuuliza watu kama wanapenda kusoma riwaya, utapata jibu zuri sana ambalo halina thamani yoyote, kwa sababu sampuli yako imekwisha kujichagua yenyewe. Ukiuliza "Je, unakubali kwamba Rosa Mistika inaharibu vijana?" umeshamtilia jibu mdomoni. Mtu anayetaka kujua kwa nini riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa muda, na baadaye ikaja kusomwa shuleni humo humo, atafute wazee waliokuwa waalimu wakati ule, awasikilize bila haraka, halafu alinganishe kumbukumbu zao na barua na magazeti ya miaka ile, kwani kumbukumbu nayo hujirekebisha ili ipendeze.

Takwimu nazo zisituogopeshe wala zisitulevye. Mwaka 1967 Mmarekani Jack Douglas alimshambulia Durkheim mahali nyeti. Alisema hesabu zile 26,000 ziliandikwa na watu: polisi, daktari, karani. Wao ndio walioamua kifo kipi kiitwe kujiua. Katika mji wa Kikatoliki, ambako aliyejiua angeweza kunyimwa mazishi ya kanisa, ndugu wana kila sababu ya kumwomba daktari aandike jambo jingine. Basi huenda Wakatoliki hawakujiua kwa uchache. Huenda walificha zaidi. Kwa Afrika, Paul Bohannan alihariri mwaka 1960 kitabu juu ya mauaji na kujiua, chenye sura kuhusu Wasoga, Wagisu, Wanyoro, Waluyia na Wajaluo miongoni mwa wengine, na ushahidi mwingi ulitoka katika majalada ya mahakama za kikoloni. Mtu anayeujua uhusiano wa mwanakijiji na mahakama hizo atajiuliza ni vifo vingapi viliishia nyumbani. Ikumbukwe pia kwamba sheria tulizorithi kwa Mwingereza zilifanya hata jaribio la kujiua kuwa kosa. Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo mwaka 1961, wakati sisi tuliendelea nalo.

Mwishoni mwa Rosa Mistika baba na binti wanafika mbele ya Mungu, na hapo suala la nani mkosaji linabishaniwa kama kesi. Hilo ni swali la mahakama. Swali la Durkheim lingekuwa jingine: katika Ukerewe ya miaka ile, mabinti wangapi, waliosoma wangapi na wasiosoma wangapi? Riwaya haina jibu lake. Kama lipo, limo katika madaftari ya vifo ya parokia na ya wilaya, na humo nako kuna mkono wa mtu aliyeshika kalamu huku mzazi amesimama mbele yake akimsihi aandike homa.