Ukiumia kwenye ploti ya mtu, nani atalipa?

Ni saa mbili usiku katika kijiji cha Silanga, Kibera. Mvua imenyesha na stima zimepotea. Unatoka kwenda chooni, choo kile kimoja kinachotumiwa na wapangaji wote wa ploti. Ubao wa sakafu umeoza tangu mwaka jana, na mwenye nyumba ameambiwa mara nyingi. Unakanyaga, ubao unakatika, mguu unavunjika. Majirani wanakubeba hadi hospitali, unafungwa plasta, kisha unarudi nyumbani na kusema, "Ajali haina kinga."

Je, kweli hiyo ni ajali tu? La, msomaji. Ubao uliooza ukaachwa mwaka mzima ni uzembe wa mtu fulani, na sheria ya Kenya inakuruhusu kumdai fidia.

Mwenye kusimamia ndiye mwenye wajibu

Wakazi wengi wa Kibera hudhani kwamba kwa kuwa ardhi ni ya serikali, na mwenye nyumba hana hatimiliki, basi hawezi kushtakiwa. Hilo ni kosa. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu wajibu wa anayemiliki au kusimamia mahali, haikuulizi kwanza hati ya shamba. Inauliza: ni nani aliye na mamlaka juu ya mahali hapo? Anayekusanya kodi, anayeamua choo kirekebishwe lini na anayefunga lango ndiye anayepaswa kuhakikisha kuwa anayeingia kwa ruhusa hadhuriki.

Wajibu huo unahusu sehemu za pamoja kama vile choo, ngazi, ujia na bafu. Ndani ya chumba chako wewe ndiwe msimamizi, isipokuwa yale ambayo mwenye nyumba alikubali kuyatengeneza. Duka, kinyozi, shule na kanisa vilevile vina wajibu huo kwa wanaoingia humo.

Sheria inataka pia wenye majengo watarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Mtoto akitumbukia katika shimo lisilofunikwa, haitoshi kusema, "Mbona mama yake hakumchunga?" Kibandiko cha "Hatari" nacho hakimwokoi mwenye jengo, ila kikitosha kumfanya mgeni awe salama.

Lakini nawe uwe mwangalifu. Ukionywa kuhusu waya uliochunika na ukaushika kwa makusudi, mahakama inaweza kupunguza fidia yako au kuikataa kabisa.

Kwanza afya, kisha karatasi

Ukiumia, tibiwa kwanza. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla ya umeme kuzimwa. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, kwa maana moyo unaweza kudhurika bila jeraha kuonekana. Aliyekatwa na bati au msumari aoshwe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aulize zahanati kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyevunjika mfupa asivutwevutwe. Mguu ufungwe kwenye ubao jinsi ulivyo.

Mweleze daktari waziwazi jinsi ulivyoumia na mahali ulipoumia, ili ayaandike. Maneno hayo ya siku ya kwanza yana nguvu mahakamani kuliko hadithi ya mwaka mmoja baadaye. Kisha fanya haya:

- Weka kadi ya hospitali, picha za eksirei na kila risiti ya dawa na nauli. Gharama usiyoweza kuthibitisha hulipwi.
- Piga picha za mahali ulipoumia kabla hapajatengenezwa.
- Andika majina ya walioona, na ya waliowahi kulalamika kuhusu kasoro hiyo.
- Toa ripoti kwa polisi na upewe nambari ya OB.
- Mwandikie mwenye nyumba barua, ubaki na nakala.

Usichelewe

Una miaka 3 tangu siku ya kuumia kufungua kesi. Ikiwa unaidai serikali, kwa mfano kwa jengo la umma, muda ni miezi 12 pekee. Wengi hupoteza haki yao wakingojea ahadi za "nitakuona mwisho wa mwezi".

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Humo unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Madai makubwa zaidi huenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Asiye na fedha anaweza kuomba msaada kwa Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia maskini tangu mwaka 1973, au kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Mtu akifariki, mume, mke, wazazi na watoto wake wanaweza kudaiwa fidia kwa niaba yao chini ya Sura ya 32.

Usingoje mtu aumie

Mnamo Septemba 23, 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent huko Ng'ando, si mbali na Kawangware, yaliporomoka asubuhi, na wanafunzi 8 wakapoteza maisha. Hakuna fidia inayomrudisha mtoto.

Hivyo basi, ukiona choo kinachotitia au ukuta uliopasuka, usinyamaze. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenye jengo aondoe hatari hiyo. Wapangaji 10 wakitia sahihi barua moja, ni vigumu kuwafukuza wote. Na ubao ukivunjika baadaye, barua hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba mwenye nyumba alijua.