Jenereta ya Akiba Nyumbani: Petroli, Dizeli au Gesi?

Tunduma ni mji wa mpakani. Upande wa huku ni Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Upande wa pili ni Nakonde, nchini Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, bomba la mafuta la TAZAMA lililofunguliwa mwaka 1968, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa nchi hizi mbili mwaka 1976, vyote hukatiza nyanda hizi za kusini kuelekea Zambia. Malori ya mafuta hupita usiku na mchana. Pamoja na hayo, umeme unapokatika jioni, mkazi wa mji huu hukabiliwa na swali ambalo wingi wa malori hauwezi kumjibia: jenereta ya nyumbani iendeshwe kwa fueli gani?

Sababu za kukatika kwa umeme si moja. Mwaka 2024 ukame ulipunguza mno maji ya Ziwa Kariba, na nchi jirani ya Zambia ikalazimika kuingia katika mgawo mkali. Kwa upande wa Tanzania, bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliongeza sana umeme wa taifa mitambo yake yote tisa ilipokamilika mwaka 2025. Lakini wingi wa umeme huko Rufiji hauzuii nguzo kuanguka Mbozi, wala radi ya msimu wa mvua kupiga transfoma. Kwa hiyo jenereta ya akiba ingali na kazi yake.

Kosa la kawaida ni kuichagua jenereta hiyo kana kwamba itafanya kazi kila siku. Mnunuzi huuliza bei ya mashine na bei ya lita, kisha huondoka nayo. Ukweli ni kwamba jenereta ya akiba hulala zaidi kuliko inavyofanya kazi. Huenda ikakaa wiki tano bila kuguswa, kisha ikatakiwa kuwaka mara moja. Hivyo swali la kwanza halihusu bei, bali ni hili: fueli iliyomo ndani yake itakuwa katika hali gani siku ya kuhitajiwa?

PETROLI: NYEPESI NA YENYE KUCHACHA

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi, baadhi nyepesi sana. Zile nyepesi ndizo huwezesha injini kuwaka upesi, nazo ndizo hutangulia kuruka hewani. Zinazobaki huungana polepole na oksijeni na kufanya utomvu wenye kunata. Petroli iliyokaa kwenye dumu la kawaida huanza kuharibika baada ya miezi mitatu hivi, na ndani ya kabureta huharibika mapema zaidi, kwa kuwa humo kiasi chake ni kidogo. Utomvu huo huziba tundu jembamba lipitishalo petroli, na jenereta hukataa kuwaka usiku ule ule inapohitajiwa.

Dawa yake ni rahisi. Kila baada ya kutumia jenereta, bomba la tangi lifungwe na injini iachwe inguruke hadi izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Mara moja kwa mwezi iwashwe kwa dakika ishirini ikiwa imebebeshwa taa na jokofu. Petroli ya akiba isizidi miezi mitatu: muda huo ukifika, imiminwe katika pikipiki itembee barabarani, na dumu lijazwe upya. Mwenye pikipiki nyumbani hapotezi hata tone.

Hatari kubwa ya petroli ni moto. Hutoa mvuke uwezao kushika moto hata katika baridi kali kuliko yoyote ijulikanayo Songwe, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa la chumba cha pili. Taifa halijasahau ajali ya lori la mafuta iliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Dumu la lita ishirini chini ya kitanda ni hatari ya aina ile ile, ingawa kipimo chake ni kidogo.

DIZELI: MVUMILIVU ANAYETAKA KAZI

Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 za Sentigredi. Kwa hiyo ni salama zaidi kuhifadhi, nayo hukaa miezi sita hadi mwaka mmoja ikiwa katika chombo safi kilichofungwa. Adui yake ni maji. Katika tangi lililojazwa nusu, ubaridi wa usiku hugandamiza unyevu wa hewa kuwa matone. Matone hushuka chini, na mahali maji yanapokutana na dizeli huota vijidudu wanaofanya tope la kuziba chujio. Tangi la dizeli lihifadhiwe likiwa limejaa.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Hushindilia hewa mara kumi na sita au zaidi, hewa ikapata joto kali, na dizeli inaponyunyiziwa huwaka yenyewe. Injini ndogo ya petroli hushindilia mara nane tu hivi. Tofauti hiyo ndiyo huifanya dizeli itoe kazi nyingi zaidi: lita moja ya dizeli katika jenereta ndogo inaweza kutoa karibu uniti tatu za umeme, sawa na zile zinazonunuliwa kwa LUKU, na lita moja ya petroli hutoa uniti mbili au pungufu.

Hata hivyo injini hiyo haipendi kazi nyepesi. Ikiendeshwa muda mrefu kwa mzigo ulio chini ya theluthi moja ya uwezo wake, haipati joto la kutosha. Dizeli isiyoungua vizuri na masizi hujikusanya katika bomba la moshi na kwenye ringi za pistoni. Jenereta ya kilowati tano inayowasha taa nne na redio huchakaa kwa uvivu.

GESI: HULALA BILA KUHARIBIKA

Gesi ya mitungi, ile ile ya kupikia, ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi kuwa kimiminika. Haichachi wala haifanyi utomvu. Mtungi uliofungwa vema unaweza kukaa miaka na gesi ikawa ile ile. Kwa kigezo cha kulala, gesi ni bora kuliko fueli zote. Isichanganywe na gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Hiyo husafirishwa kwa mabomba hadi Dar es Salaam, na Songwe haina bomba lake.

Kilo moja ya gesi hubeba joto la karibu uniti 13, lakini injini ndogo hugeuza sehemu ya sita tu au pungufu kuwa umeme. Mtungi wa kilo 15 basi hutoa uniti 30 hivi, ikiwa mzigo ni wa kutosha.

Kasoro yake huonekana wakati wa kipupwe. Ili gesi itoke, kimiminika huchemka ndani ya mtungi, na katika kuchemka hufyonza joto la mtungi wenyewe. Butani haichemki tena ikifikia karibu nyuzi 0. Katika usiku wa Juni au Julai, mtungi mdogo unaonyonywa na injini kwa kasi hupoa hadi kanieneo ikashuka na injini kuzimika, ingawa gesi ingalimo. Mtungi mkubwa wa kilo 38 hupoa polepole zaidi, nao unafaa. Kuuchemsha mtungi kwa moto ni mwiko.

MWINUKO WA NCHI

Jambo jingine lisilotajwa dukani ni mwinuko. Tunduma na Vwawa zimo kwenye nyanda za meta 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyembamba, na injini isiyo na pampu ya kusukumia hewa hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake. Jenereta iliyoandikwa kilowati 2.5 hutoa takriban 2.1. Ile ya petroli iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani hunywa petroli nyingi kuliko oksijeni iliyopo, ikatoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Fundi aibadilishie tundu la kabureta.

HESABU YA SAA

Baada ya suala la kulala ndipo ije hesabu ya saa. Nyumba inayokosa umeme saa kumi kwa mwezi na kuhitaji nusu kilowati, jenereta ndogo ya petroli ikitumia lita 0.6 kwa saa, itatumia lita 72 kwa mwaka. Hata kama dizeli ingeokoa theluthi moja, faida ni lita 24 tu, nayo haiwezi kufidia bei ya mashine iliyo nzito na ghali zaidi. Nyumba hiyo inafaa petroli, au gesi ikiwa hakuna wa kukumbuka kubadilisha petroli.

Nyumba ya wageni yenye majokofu na pampu ya maji, ikitumia kilowati nne kwa saa sita kila siku, huhitaji uniti 8,760 kwa mwaka. Kwa petroli ni karibu lita 4,380; kwa dizeli ni lita 2,900 hivi. Hapo dizeli ndiyo jibu. Bei za lita kwa kila wilaya, zikiwa na gharama ya kusafirisha mafuta zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam, hutangazwa na EWURA kila mwezi. Na kwa mwenye kuhitaji taa na simu tu, betri na paneli ya jua humwondolea swali lote.

MOSHI USIOONEKANA

Fueli yoyote ichaguliwayo, kuna sharti moja lisilobadilika: jenereta haiwashwi ndani. Wengi huifungia katika stoo au baraza kwa kuogopa wezi. Injini za petroli, za gesi, na hata za dizeli hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mwili hukosa hewa mtu akiwa bado anavuta pumzi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kulegea, hivyo mtu hudhani ana malaria akaenda kulala, na asiamke. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta ikae nje, meta sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, chini ya paa dogo lisilo na kuta, ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo ya zege.

Vilevile isiunganishwe kwa waya wenye plagi mbili kupitia soketi ya ukutani. Umeme huo unaweza kurudi nyuma hadi kwenye transfoma, ukapandishwa na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akitengeneza hitilafu. Fundi mwenye leseni aweke swichi ya kubadili njia, ili nyumba ipokee umeme kutoka upande mmoja tu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mnunuzi na ajiulize, kwa utaratibu huu: fueli italala muda gani, mashine itafanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na itawekwa wapi. Swali la tatu likikosa jibu, asinunue bado; kwanza atafute mahali pa kuiweka nje ya nyumba.