Ngao ya ngozi, ngao ya kitambaa

MTAJIE mzee wa Kisomali mjini Wajir neno gaashaan, naye ataelewa mara moja: ni ngao. Ngao ya jadi ya wafugaji hao ilikuwa ndogo, ya mviringo, aghalabu ya ngozi ya choroa iliyokaushwa ikawa ngumu. Kazi yake ilikuwa kukinga mkuki.

Bunduki ilipoingia, ngozi ikashindwa. Siku hizi askari wa doria Kaskazini Mashariki huvaa fulana nzito za kuzuia risasi na kupanda magari ya deraya. Hata hivyo hatari haijaisha. Juni 2019, polisi kadhaa waliuawa Wajir Mashariki gari lao lilipokanyaga bomu lililotegwa barabarani.

Je, abiria wa kawaida, asiye na fulana wala deraya, ajikinge na nini? Jibu lilipatikana Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, kaunti jirani ya Mandera. Al-Shabaab walishambulia basi, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria walikataa. Akina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, wasitambuliwe. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Kitambaa hakizuii risasi. Lakini siku hiyo kiliwaokoa watu ambao hawakuwa na ngao nyingine.

Msomaji, ukipanda basi la Wajir, msalimie aliyeketi kando yako. Huenda yeye ndiye ngao yako, nawe yake.